Mkalimani Asiye na Mate

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa meno amenipa daftari hili na amri tatu. Niandike nimekunywa maji mara ngapi. Niandike chakula gani kimekwama. Niandike kinywa kikianza kuuma, ni saa ngapi na nilikuwa nafanya nini. Nikamwuliza kama naruhusiwa kuandika na mengine.

"Andika chochote, mama. Mimi nitasoma maji na vidonda. Mengine ni yako."

Basi. Nina miaka hamsini na nne. Ni mkalimani wa mahakama, huu mwaka wa ishirini na mbili. Mwaka jana walinikuta na saratani kwenye shina la ulimi. Nilipigwa mionzi mara thelathini na tatu, kichwa kimebanwa ndani ya kinyago cha plastiki nisitikisike. Uvimbe umekwisha, vipimo viwili vimesema hivyo. Lakini mionzi haichagui. Ilipoua uvimbe iliondoka na tezi za mate.

Watu hudhani ni kiu. Kiu huisha ukinywa. Hiki changu, maji yakipita tu, baada ya dakika tatu ulimi unakuwa kipande cha gunia. Midomo inanata kwenye meno. Nikisema neno refu panasikika mlio, kama mtu anabandua plasta.

Mume wangu ni fundi wa mafriji. Uchunguzi wake ameshautoa: "Kompresa ni nzima, Mama Pacha. Gesi tu ndiyo imevuja."

Kesho narudi kazini. Mvua bado.

Maji: mara 41.

Jumanne, 4 Machi

Mlango wa chumba cha mahakama una tangazo lile lile: MARUFUKU KULA, KUNYWA, KUTAFUNA, KUPIGA SIMU. Miaka yote nimepita chini yake bila kulitazama. Leo nimelisoma mara mbili.

Hakimu ni mgeni kwangu, alihamishiwa hapa nikiwa wodini. Mwanamke wa rika langu, miwani myembamba, anaandika ushahidi wote kwa mkono wake na hapendi kurudiwa. Aliniita ofisini kwake kabla ya kesi ya kwanza.

"Pole kwa ugonjwa. Umepona?"

"Nimepona, mheshimiwa."

"Utawala umeniomba nikutathmini hadi mwisho wa Mei. Kama matamshi yanakusumbua, kuna nafasi masjala. Si adhabu."

Masjala iko chini ya ngazi. Ni chumba kirefu cha majalada, balbu mbili, na watu wawili wanaozungumza kwa kunyoosheana vidole. Mwenzangu wa zamani alipelekwa huko alipoanza kuwa kiziwi. Tuliambiwa si adhabu.

Nikasema matamshi yangu hayana tatizo. Neno "matamshi" lenyewe lilitoka na ule mlio. Hakimu aliinua macho, akayashusha.

Karani wa mahakama tunamwita Mhuri, kwa sababu hapiti karatasi bila kuigonga. Nilipokuwa nafanya kazi alinitazama sana, akawa anaandika kitu pembeni ya daftari lake. Sijapenda.

Maji: mara 36, zote nje ya chumba. Mkate ulikwama saa nne.

Alhamisi, 6 Machi

Kesi mbili ndogo. Nimemaliza.

Jumatano, 12 Machi

Dada yangu mkubwa amekuja na fuko la ndimu. "Nyonya, mate yatakuja mbio." Nilipomwambia daktari amekataza, kwamba tindikali itakula meno yasiyo na mate ya kuyalinda, akaniangalia kama nimemtukana mama yetu.

"Daktari wako ana umri gani?"

"Thelathini na kitu."

"Mimi nimeanza kunyonya ndimu hajazaliwa."

"Na meno yako mangapi yamebaki, dada?"

Akacheka kwa kuziba mdomo. Ndimu zimebaki kwenye kapu, mume wangu anasugulia nazo mikono akitoka kwenye gesi na grisi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata mbinu. Jalada likikosekana, Mhuri huinuka kwenda kulitafuta, na hakimu hufunga kalamu. Hapo natoka kwa dakika mbili hadi bombani. Wiki iliyopita majalada yamekosekana mara sita. Namshukuru Mungu kwa uzembe wa Mhuri.

Mbinu nyingine inabanwa mkononi: leso iliyolowa, naipitisha mdomoni kama nafuta jasho.

Mbinu ya tatu naiandika hapa kwa sababu daktari hasomi huku. Nimeanza kupunguza maneno. Shahidi akisema "naomba kumweleza mheshimiwa hakimu kwa heshima zote kwamba sikumwona," mimi nasema "sikumwona." Heshima zote zinanigharimu funda moja la maji. Hakimu haandiki heshima, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa.

Kiapo chetu ni kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Miaka yote niliwachukia wakalimani wanaotia chumvi. Sikuwahi kuwafikiria wanaopunguza.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza. Bati la mahakama linapiga kelele, lazima nipaze sauti, na kupaza sauti kunakausha mara mbili.

Leo nilikuwa mjane. Mkalimani hasemi "anasema kwamba", husema "mimi". Katika kazi hii nimekuwa mwizi wa betri, dereva aliyesinzia kwenye usukani, bibi aliyeuza kiwanja kimoja mara tatu. Mjane wa leo alirudia jambo moja mara nne. Nililileta mahakamani mara moja tu.

Maji: mara 39. Dawa ya mate ya bandia imebaki robo chupa.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Wali umekwama. Nimeubwaga kwenye sahani mbele ya mapacha wetu waliokuja kusalimia. Mume wangu akaongeza mchuzi kwenye sahani yangu hadi ukamwagika.

"Hii sasa ni bwawa," nikamwambia.

"Ogelea."

Jumatano, 2 Aprili

Kesi ya mlinzi wa ghala imeanza utetezi. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Vitambaa marobota sitini viliondoka kwenye ghala alilolinda, bila kufuli kuvunjwa. Mashtaka yake ni kula njama na wezi. Yuko nje kwa dhamana. Hana wakili. Lugha ya mahakama haijui, ya kwao naijua mimi peke yangu hapa.

Mwendesha mashtaka ni kijana mwembamba mwenye haraka. Anasimama kabla mtu hajamaliza, kama kiti kinamchoma.

Kesi imeahirishwa hadi tarehe kumi.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika kwa mpangilio ili nisijidanganye.

Saa tatu na robo mlinzi alipanda kizimbani. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Mhuri alikuwa na mafua, hakuja; aliyeketi badala yake alikuwa na majalada yote mezani, yamepangwa kwa namba. Hakuna kilichokosekana. Sikutoka kwa saa moja na dakika arobaini. Leso ilikauka saa nne.

Mlinzi alieleza zamu yake. Alieleza tochi, kitabu cha kusaini, mbwa aliyekufa mwezi mmoja kabla. Nilipunguza mbwa. Kisha akasema, na ninaandika maneno yake yote: "Usiku ule nilifungua mlango wa ghala baada ya msimamizi wangu kunipigia simu akaniambia lori la kampuni linakuja kupakia."

Nikasema: "Usiku ule nilifungua mlango wa ghala—"

Ulimi ukaganda kwenye kaakaa. Si kwa mfano. Uliganda. Nilivuta, haukutoka. Nilivuta tena, ukabanduka na nikahisi ngozi imekuja nao.

Mwendesha mashtaka alikwishasimama. "Amefungua! Mheshimiwa, naomba iandikwe kama ilivyosemwa."

Kalamu ya hakimu ikatembea. Ikasimama. Akanitazama juu ya miwani.

"Amemaliza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa hakuhitaji mate.

Mwendesha mashtaka akauliza: "Kwa hiyo unakubali mlango ulifunguliwa kwa mkono wako?" Nikauliza kwa lugha ya kwao. Mlinzi akajibu kwa utulivu, akiamini yote yamefika: "Ndiyo. Nimeshaeleza."

"Ndiyo, nimeshaeleza," nikasema. Hayo niliyatoa kamili.

"Sina swali zaidi. Na kwa kuwa mshtakiwa amekiri, naomba dhamana ifutwe."

Hakimu alifikiri kidogo. Akaifuta. Ilibidi nimweleze mlinzi mimi. Alinitazama, akatazama askari, akaniuliza: "Kwa nini? Si nimewaambia?" Swali hilo sikulitafsiri. Askari walishamshika mkono.

Kwenye korido mwanamke mmoja alinisubiri. Sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, uzi bado unaning'inia, fundi cherehani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mimi ni mke wake. Samahani, mama, lugha ya hapa naisikia kidogo kidogo. Ile simu ya msimamizi uliitaja? Maana mimi sikuisikia."

"Imeandikwa," nikasema. "Mvua ilikuwa kubwa."

"Ahsante, mama. Mungu akuongezee afya."

Maji: sijahesabu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilikusudia kwenda kwa hakimu asubuhi. Alikuwa na wageni.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Nimejaribu kuisema ile sentensi bafuni, mbele ya kioo. Maneno kumi na nane. Bila maji nafika hadi mwisho.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakimu amesafiri hadi Jumatano. Niliposikia, nilipumua. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 17 Aprili

Mhuri amepona mafua. Nikamwomba jalada la mlinzi, nikasema nataka kuhakiki tarehe. Alilileta bila swali. Mwandiko wa hakimu ni mzuri, wa shule za zamani. *Usiku ule nilifungua mlango wa ghala.* Nukta.

Nukta ile niliiweka mimi.

Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu kuliko tarehe inavyohitaji. Mhuri akawa anagonga mihuri yake taratibu, taratibu, mpaka akaacha.

"Mama mkalimani."

"Naam."

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini vyote viwili hufungwa bandeji mapema."

Nikamrudishia jalada. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba anajua, na kwamba lile daftari lake ni ushahidi dhidi yangu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekosa adabu kwa mume wangu kuhusu kijiko. Kijiko.

Jumatatu, 21 Aprili

Kuna mabaka meupe upande wa kushoto wa ulimi, karibu na pale pa zamani. Yanauma. Nilifungua kioo kidogo cha poda dirishani, nikatazama hadi shingo ikauma.

Sitasema uongo kuhusu nilichofikiri. Nilifikiri: imerudi. Na mara baada ya hapo nikafikiri: basi nitaondoka kazini kwa sababu yake, na lile jambo la mlinzi litafunikwa na ugonjwa, na hakuna atakayeniuliza. Mawazo hayo mawili yalifuatana kwa karibu sana, na la pili ndilo lililonipa nafuu.

Mume wangu aliona kioo.

"Nini?"

"Mabaka."

Hakutania. Mara ya kwanza tangu mwaka jana. Alikwenda kuzima redio, akarudi akaketi, mikono yake ikinuka ndimu.

"Tukimpigia simu daktari leo, atakuona lini?"

"Jumatatu."

"Basi ni siku saba. Tumeshapita siku nyingi kuliko hizo."

Nikamwambia habari ya mlinzi. Yote, pamoja na korido. Alisikiliza akiwa ameshika goti lake kama linataka kukimbia.

"Yule mtu yuko wapi sasa?"

"Rumande."

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii."

Nilitaka anitetee, aseme ulikuwa mgonjwa, aseme ulimi uliganda. Alisema, "Ulimi uliganda mara moja, Mama Pacha. Leo ni tarehe ngapi?"

Jumatano, 23 Aprili

Kesi tatu. Sikupunguza hata neno moja. Kufikia saa sita nilikuwa natema damu kwenye leso. Ni uchungu wa kijinga, haumsaidii mtu.

Maji: mara 44.

Ijumaa, 25 Aprili

Mke wa mlinzi alikuwa kwenye benchi la nje, na mfuko wa chakula uliokataliwa na askari. Aliniamkia. Nilipita upande mwingine wa uwanja, kwenye matope, viatu vikaharibika.

Jumatatu, 28 Aprili

Kwa daktari wa kinywa. Nilingoja saa mbili. Alinivuta ulimi kwa kitambaa, akamulika, akakwangua kidogo, akatazama kwenye darubini yake.

"Ni fangasi, mama. Utando tu. Kinywa kisipokuwa na mate, wanajenga nyumba. Dawa siku kumi na nne."

"Si ile?"

"Si ile."

Mume wangu alinishika bega kwenye ngazi, akaanza kucheka peke yake. Mimi nilisimama pale nikitafuta furaha. Nilichokipata ni kwamba kisingizio changu kimepimwa kwenye darubini na kimekutwa ni fangasi.

Yule wa meno alisoma hesabu zangu pia. Akauliza kwa nini tarehe kumi hakuna idadi. Nikasema nilisahau. Akauliza nimejiandaa kusubiri hadi lini mate yarudi. Nikamwuliza yeye. "Kidogo, pengine, ndani ya mwaka. Pengine hata hicho kidogo hakitarudi. Sitakudanganya."

Inawezekana kumwambia mtu hivyo, kumbe. Kwa sentensi tatu.

Jumanne, 29 Aprili

Nilifika kabla ya wote. Mhuri alikuwa anafungua madirisha.

"Nataka kumwona hakimu kabla hajaingia."

"Kuhusu mlinzi wa ghala."

"Wewe unajuaje?"

"Nilisoma jalada. Nikaona nukta mahali mtu mwenye akili hawezi kunyamaza. Nani anafungua ghala bila kusema kwa nini?"

"Na daftari lako? Ulikuwa unaandika nini kila nikitafsiri?"

Alilitoa mfukoni. Ni saa tu. Saa tatu na dakika ishirini. Saa nne kasorobo. Saa nne na kumi.

"Nilikuwa napima unaweza kukaa muda gani. Dakika ishirini na tano, basi unaanza kukatika. Ukifika hapo napoteza jalada."

Nilimtazama.

"Unadhani majalada hupotea yenyewe, mama? Miaka thelathini hapa sijapoteza jalada. Mwezi huo mmoja nimeitwa mzembe mara nne."

Nilimwambia ahsante, ikatoka na mlio.

Hakimu alinipokea akiwa bado na koti la mvua. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilichukua chupa yangu mkononi, waziwazi, nikanywa mara tano katikati ya maelezo. Alinisubiri kila mara.

"Kwa nini hukuomba maji siku ile?"

"Kuna tangazo mlangoni, mheshimiwa. Na kuna tathmini."

"Tangazo lile nililikuta. Sijawahi kulisoma hadi mwisho." Alivua miwani. "Hilo halikusaidii. Ulimi ulikwama dakika moja. Umekaa na jambo hili siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Na yeye amekaa nalo wapi?"

"Rumande, mheshimiwa."

"Mkewe alikuuliza?"

"Aliniuliza. Nilimdanganya."

Aliandika. Sauti yake haikupanda hata kidogo, ningependa ipande. Mchana mlinzi aliletwa, dhamana ikarudishwa. Hati yangu ya kiapo kuhusu maelezo hayo imegongwa muhuri saa nane na nusu. Kesi nyingine zote za leo nimeondolewa.

Maji: mara 30.

Alhamisi, 1 Mei

Mapumziko. Mvua imepungua.

Ijumaa, 9 Mei

Walimwazima mkalimani kutoka mahakama ya wilaya jirani. Kijana mzuri, mate tele. Mlinzi alirudia sentensi yake, kijana akaitoa yote. Kisha ikaletwa orodha ya simu za msimamizi kutoka kampuni ya simu: saa nne na dakika kumi usiku, kwa namba ya mlinzi, sekunde arobaini na nane.

Mimi niliitwa kizimbani kama shahidi. Sijawahi kusimama upande ule. Kizimba ni kifupi kuliko kinavyoonekana.

Mwendesha mashtaka hakuwa na huruma, na sikumlaumu, nimemharibia kesi.

"Wewe ni mkalimani kwa miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Sentensi uliyoikata ina maneno mangapi?"

"Kumi na nane. Nilitoa sita."

"Kati ya tarehe kumi na tarehe ishirini na tisa Aprili, hukuwa na mate ya kusema maneno kumi na mawili?"

Chumba kizima kilingoja niseme ugonjwa. Hakimu alikuwa tayari na kalamu. Nadhani hata mwendesha mashtaka alikuwa amenifungulia mlango nipite humo.

"Yalitosha," nikasema.

Jumanne, 20 Mei

Barua. Kuanzia tarehe mbili Juni nahamia masjala. Inasema pia mkalimani yeyote mwenye tatizo la kiafya apewe maji na mapumziko kila baada ya dakika ishirini na tano. Dakika hizo najua zilikotoka.

Mume wangu aliisoma mara mbili. "Masjala wanaruhusu kunywa?"

"Karatasi haziruhusiwi kulowa."

"Basi utakunywa ngazini, kama mwanafunzi."

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa kuziba mdomo, midomo isipasuke.

Jumapili, 25 Mei

Uji. Haukukwama. Maji: mara 33.

Ijumaa, 30 Mei

Hukumu ya mlinzi. Nilikuwa nakusanya vitu vyangu kwenye meza ya wakalimani Mhuri alipokuja kuniita. Kijana wa jirani yuko kwenye kesi ya mauaji kwao, hawezi kuja. Hakimu anataka kuahirisha, lakini sheria inamruhusu mshtakiwa kuchagua.

Niliingia nikasimama mahali pangu. Mlinzi alikuwa na shati lile lile la mikunjo. Amekonda. Mkewe alikuwa mstari wa mbele, safari hii hakuniamkia.

"Mwulize," hakimu akasema, "kama anakubali wewe umtafsirie. Akikataa tutaahirisha hadi Juni, na hilo ni haki yake."

Nikamwuliza. Niliongeza, kwa sababu hakimu alisema, kwamba ni haki yake.

Alifikiri. Mkewe alikuwa anatikisa kichwa kukataa.

"Namkubali," akasema. "Nina neno langu la mwisho, na nataka litoke kwake."

Nikalitafsiri hivyo hivyo. Hakimu akaniangalia kidogo, kisha akaanza kusoma.

Hukumu ilikuwa kurasa kumi na moja. Alisoma aya, akanyamaza, nikanywa, nikaitoa. Aya, maji, aya. Kulikuwa na sehemu inayonihusu, ukurasa wa saba: "kasoro kubwa ya tafsiri iliyofichwa na mkalimani kwa siku kumi na tisa." Niliitoa. Hukumu nzima ilichukua dakika hamsini. Mwishoni aliachiwa huru; msimamizi, ambaye hajaonekana tangu ile orodha ya simu isomwe, ametolewa hati ya kukamatwa.

Mlinzi alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

"Ana neno?" hakimu akauliza.

Alikuwa nalo. Alilisema akinitazama mimi, si hakimu, polepole, akiacha nafasi baada ya kila sentensi kama mtu anayemlisha mgonjwa. Na mkalimani hasemi "anasema kwamba."

Nilinywa. Nikageukia mbele.

"Mimi nilisema kweli siku ya kwanza," nikasema. "Mama huyu aliisikia. Kwenye chumba hiki alikuwa yeye peke yake aliyeisikia, pamoja na mke wangu. Alinifunga mdomo siku kumi na tisa, na mke wangu alipomwuliza, alimdanganya usoni. Nimesikia kwamba alikuwa mgonjwa. Nampa pole kwa ugonjwa. Kwa zile siku simpi pole, na simsamehe leo. Naomba hayo yaandikwe."

Sauti haikukatika. Kalamu ya hakimu ilikwenda hadi mwisho wa mstari, ikarudi, ikaenda tena.

"Ni hayo?" akauliza.

Nikamwuliza mlinzi. Akajibu.

"Ni hayo tu, mheshimiwa," nikasema.